Uvumilivu Si Kutoumia: Somo kuhusu Upendeleo Fiche wa Rangi na Asili katika Tiba

Wagonjwa wawili wanaletwa hospitalini usiku mmoja. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa mjini. Analia, anajipindapinda kitandani, na ndugu zake wanamwita daktari kila baada ya dakika chache. Wa pili ni mkulima wa tumbaku aliyeletwa kwa pikipiki kutoka kijijini. Amelala chali, amekunja magoti, hasemi neno. Mhudumu anamtazama na kusema kwa upole, hata kwa namna ya kusifu: "Hawa watu wa shamba ni wavumilivu." Kisha anakwenda kwa yule anayelia. Asubuhi inagundulika kwamba kidole tumbo cha mkulima kimepasuka.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini kila aliyefanya zamu ya usiku atautambua. Mtu ambaye utando wa ndani wa tumbo lake umeshambuliwa na vijidudu huepuka kujitikisa, kwa sababu kila mtikisiko humzidishia maumivu. Ukimya wa mkulima ulikuwa dalili ya ugonjwa. Mhudumu aliusoma kuwa tabia ya watu wa aina yake.

Mhudumu huyo hakumchukia mgonjwa wala hakumtukana. Alimsifu, na sifa hiyo ndiyo iliyomchelewesha mgonjwa kupata tiba. Somo hili linaeleza chanzo cha sifa za namna hiyo, namna zilivyoingia hata katika vipimo vya kitaalamu, na hatua ambazo mhudumu na mgonjwa wanaweza kuchukua.

Upendeleo fiche ni nini?

Upendeleo fiche ni mwelekeo wa fikra unaomfanya mtu amkadirie mwenzake kwa rangi, kabila, lugha au mahali alikotoka kabla ya kumfahamu, na bila kujua kwamba amefanya hivyo. Ubaguzi wa wazi hujulikana kwa maneno na kwa sheria zake. Upendeleo fiche hauna tangazo. Unaweza kukaa ndani ya mtu anayeamini kwa dhati kwamba binadamu wote ni sawa.

Mji wa Tabora unaijua vizuri tofauti hiyo. Mnamo Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU ulifanyika mjini humo kujadili kura tatu, yaani utaratibu wa kikoloni uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Chama kiliamua kushiriki uchaguzi huo ili kuushinda mfumo kutoka ndani, na mwaka 1961 Tanganyika ikapata uhuru. Utaratibu wa kuwagawa wapiga kura kwa rangi uliondolewa. Hata hivyo, sheria inaweza kubadilishwa kwa kura ya siku moja, lakini mazoea ya jicho na sikio hayabadiliki kwa kura.

Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Anthony Greenwald, Debbie McGhee na Jordan Schwartz, walichapisha jaribio linalopima kasi ambayo mtu huunganisha majina ya watu wa jamii fulani na maneno mema au mabaya. Watu wengi waliosema kwamba hawabagui walionekana kuunganisha haraka zaidi jamii moja na mema. Jaribio hilo lina mipaka yake, na matokeo yake hayatoshi kumhukumu mtu mmoja mmoja. Faida yake ni kuonyesha kwamba nia njema peke yake si ushahidi wa haki.

Njia ya misafara na sifa ya nguvu

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857, wakati mahali hapo pakijulikana pia kwa jina la Kazeh. Bidhaa za pwani zilipanda bara, pembe za ndovu zikateremka pwani, na katika njia hiyohiyo walipitishwa watumwa.

Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, na Wanyamwezi walikuwa mashuhuri katika kazi hiyo. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 30, mbali na chakula, jamvi na vyombo vyake mwenyewe, kwa safari ya miezi. Wapagazi hao walikuwa wafanyakazi wa ujira. Walipatana malipo, walikuwa na desturi na viongozi wao, na walipoonewa waligoma au waliuacha msafara. Hata hivyo, wasafiri wa Ulaya waliandika juu yao kana kwamba upagazi ulikuwa katika damu yao. Kazi iliyojifunzwa kwa jasho ikaonekana kuwa maumbile. Ikiwa mtu ameumbwa kubeba, basi haihitajiki kuuliza kama mzigo unamwumiza.

Wageni hawakuwa peke yao katika kuwapanga watu. Katika misafara, waliojinasibisha na pwani waliitwa waungwana, na watu wa bara wakaitwa washenzi. Maneno hayo yaliamua nani asikilizwe na nani aamrishwe. Neno la pili bado hutumika leo kama tusi, na wengi wanaolitamka hawajui lilikotoka.

Gharama ya fikra hiyo ilionekana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Tabora, na pande zote za vita katika Afrika Mashariki zilitegemea wapagazi. Rekodi rasmi za Waingereza zilihesabu vifo vya wapagazi wao vinavyozidi 40,000. Walio wengi hawakufa kwa risasi bali kwa maradhi, hasa kuhara damu na homa. Wengi walilishwa unga wa mahindi usioiva vizuri, ingawa walitoka katika jamii zilizozoea vyakula vingine, na matumbo yao hayakuumudu. Watu waliodhaniwa kuwa wanaweza kustahimili chochote hawakuandaliwa chakula, mavazi wala tiba ya kutosha.

Ujuzi uliofunikwa na sifa ya uaminifu

Tukio jingine la njia hiyohiyo linaonyesha namna sifa inavyoweza kuficha ukweli. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliamua kuurudisha mwili wake pwani. Miongoni mwao alikuwapo Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Unguja na kujua kiasi namna maiti inavyopasuliwa. Mwili ulifunguliwa, viungo vya ndani vikatolewa na kuzikwa pamoja na moyo, chumvi ikatiwa, kisha mwili ukakaushwa juani kwa siku 14. Waliokuwapo waliona upande wa kushoto wa tumbo bonge la damu iliyoganda lenye ukubwa wa mkono wa mtu. Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1874, pamoja na shajara za mwisho za Livingstone.

Oktoba 1873 msafara huo ulifika Unyanyembe na kumkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe hapohapo. Susi, Chuma na wenzao walikataa, wakaendelea na safari, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Huko Uingereza mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844.

Walichokifanya watu hao kilihitaji maarifa ya tiba, uongozi, hesabu ya chakula na uamuzi mgumu mbele ya ofisa wa kigeni. Lakini kwa miaka mingi walikumbukwa zaidi kwa jina la watumishi waaminifu. Sifa ya uaminifu ilikuwa ya kweli, ila iliacha nje ujuzi wao. Hivi ndivyo upendeleo fiche unavyofanya kazi mara nyingi: humpa mtu sifa moja inayolingana na nafasi aliyokwisha kupangiwa, na kuziacha zile ambazo zingembadilishia nafasi hiyo.

Sifa ya nguvu ilivyoingia katika vipimo

Mhudumu wa afya anaweza kudhani kwamba mambo hayo ni ya historia tu, na kwamba sayansi imejitenga nayo. Mifano mitatu ya karne hii inaonyesha vinginevyo.

Mfano wa kwanza unahusu maumivu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi Wazungu kuhusu tofauti za kimaumbile kati ya watu weusi na weupe. Kiasi cha nusu yao walikubali angalau dai moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Waliokuwa na imani hizo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na mapendekezo yao ya tiba yalikuwa na makosa zaidi.

Mfano wa pili unahusu figo. Uwezo wa figo hukadiriwa kwa kupima kreatinini katika damu, kisha kutumia kanuni ya hesabu. Kanuni zilizotumika sana tangu mwaka 1999, pamoja na ile ya mwaka 2009, ziliongeza matokeo ya mtu mweusi, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba watu weusi wana misuli mingi zaidi. Kwa kanuni ya mwaka 2009 ongezeko hilo lilikuwa kama asilimia 16. Hivyo figo iliyodhoofika ilionekana nzima kuliko ilivyokuwa, na mgonjwa akachelewa kupewa rufaa. Mwaka 2021 kanuni mpya isiyo na kipengele cha rangi ilitolewa Marekani. Utafiti uliofanyika Malawi, Afrika Kusini na Uganda, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kanuni zinazotegemea kreatinini zilikuwa zikiuona uwezo wa figo kuwa mkubwa kuliko ulivyo kweli. Sifa ileile ya nguvu iliyomwandama mpagazi ilikuwa imeandikwa ndani ya hesabu.

Mfano wa tatu ni kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kifaa hicho hupitisha mwanga katika ngozi, na rangi nyeusi ya ngozi hufyonza sehemu ya mwanga huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni usioonekana kwenye kifaa ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo namba nzuri kwenye kioo haitoshi. Mhudumu ahesabu pumzi, aangalie kama mgonjwa anavuta mbavu ndani anapohema, achunguze rangi ya ulimi na ya ndani ya midomo, na afuatilie kama namba inashuka kadiri muda unavyokwenda.

Upendeleo katika chumba cha tiba cha leo

Mhudumu Mwafrika anayemtibu Mwafrika mwenzake hajavuka hatari hii. Fikra zilizopandwa na biashara ya utumwa na ukoloni zilirithiwa na watu wa rangi zote, na kila jamii ilizielekeza kwa yule iliyemwona kuwa chini yake.

Dalili zake ni ndogo. Mzee aliyevaa suti huamkiwa "Shikamoo", na mzee wa umri uleule aliyevaa kandambili huulizwa tu: "Unaumwa nini?" Mgeni Mzungu aliyekuja na jeraha dogo hupitishwa mbele ya foleni, na hakuna anayekumbuka kuulizana kwa nini. Mgonjwa mwenye asili ya Kiarabu au Kihindi hudhaniwa kuwa na fedha, akaandikiwa vipimo vingi bila kuelezwa faida yake. Mama aliye katika uchungu wa uzazi huambiwa "Jikaze, nyie mmezoea," kisha malalamiko yake ya maumivu yasiyo ya kawaida hayaandikwi popote.

Mkoani Tabora ipo pia Ulyankulu, makazi yaliyowapokea wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Serikali ya Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo waliokuwa katika makazi ya mikoa ya magharibi, na mwaka 2014 vyeti vyao vilianza kugawiwa. Wengi wao wamezaliwa Tanzania. Mhudumu anayemwita mgonjwa wa aina hiyo "mkimbizi" huenda hana nia mbaya, lakini mgonjwa anayeitwa mgeni nchini mwake hujifunza kunyamaza, na historia ya ugonjwa wake hupotea hapo.

Hatua za mhudumu

Wengi wanapoelezwa haya huona aibu, kisha huahidi kubadilika. Aibu haitoshi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulijaribu mbinu tisa za kupunguza upendeleo fiche, na athari zake zilitoweka baada ya saa chache au siku chache. Mazoea ya miaka hayaondolewi na semina ya siku moja. Yanadhibitiwa kwa utaratibu unaofuatwa hata siku ambayo mhudumu amechoka.

1. Kila mgonjwa aulizwe maumivu kwa maneno yaleyale. Mhudumu aseme: "Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako yamefika wapi?" Kwa mtoto au kwa asiyezoea namba, zitumike picha za nyuso. Jibu liandikwe kwenye faili kabla ya mhudumu kutoa kadirio lake.

2. Foleni ipangwe kwa uzito wa dalili. Mapigo ya moyo, pumzi, joto na shinikizo la damu vipimwe kwa wote wanaofika, akiwamo anayenyamaza. Mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo anayeogopa kujitikisa achunguzwe mapema.

3. Sentensi inayoanza na "Hawa watu" iwe onyo. Anayejisikia akisema hivyo, hata kwa kusifu, asimame na kujiuliza: "Nimempima mgonjwa huyu, au nimemkadiria?"

4. Kutafsiri kuwe kazi ya mtu mzima anayekubaliwa na mgonjwa. Bibi anayezungumza Kinyamwezi au Kirundi pekee asilazimishwe kueleza maradhi ya siri kupitia kwa mjukuu wake.

5. Daftari la wodi lipitiwe kila mwezi. Wauguzi wachague mafaili ya wagonjwa wenye ugonjwa wa aina moja, kwa mfano waliovunjika mifupa, na walinganishe: waliotoka mjini na waliotoka vijijini walisubiri kwa muda gani kabla ya kupewa dawa ya kutuliza maumivu? Tofauti ikionekana, ijadiliwe bila kumtafuta wa kulaumiwa. Daftari huonyesha kile ambacho dhamiri haikioni.

Sehemu ya mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa naye ana wajibu. Wazee wengi wamelelewa kuona kwamba kulalamika ni udhaifu. Hospitalini, kueleza maumivu ni kumsaidia tabibu kazi yake. Ni vizuri mgonjwa aseme maumivu yalianza lini, yako wapi, na yamemzuia kufanya nini: kutembea, kula, kulala au kuinama shambani. Akiona hajaeleweka, aseme tena, au ndugu aliyemleta aseme: "Huyu si kawaida yake kunyamaza hivi." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa maisha. Akiona ametendewa kwa dharau, ana haki ya kumwona mganga mfawidhi au kuandika katika sanduku la maoni.

Mgonjwa ajichunguze pia. Wapo wanaomkataa muuguzi kwa sababu ya kabila lake. Wapo wanaomwamini mwanafunzi Mzungu aliye katika mafunzo kuliko tabibu Mtanzania mwenye uzoefu wa miaka 20. Huo nao ni upendeleo fiche, na hasara yake humrudia mgonjwa mwenyewe anapopuuza ushauri sahihi.

Maswali ya kujadili katika kituo

1. Ni sifa zipi za makabila au jamii zinazosemwa mara kwa mara katika kituo hiki? Kila sifa inaweza kumnyima mgonjwa nini?
2. Ni nani anayeamkiwa kwa heshima mapokezini, na ni nani asiyeamkiwa?
3. Mgonjwa wa mwisho aliyepata madhara kwa kucheleweshwa alitoka wapi, na alisemwaje alipofika?
4. Maabara ya kituo inatumia kanuni ipi kukadiria uwezo wa figo?
5. Ni utaratibu gani mmoja unaoweza kuanza kutumika wiki hii?

Mkulima wa mfano uliofungua somo hili alihitaji mtu wa kumwamkia, kumwuliza na kumpapasa tumbo. Ni kazi ya dakika tano. Uvumilivu wake ulikuwa wa kweli na ulistahili heshima. Heshima hiyo ingeanza kwa kuamini kwamba anayevumilia naye anaumia.